Mashine ya Rehema na Ndege Iliyokuja Kutufundisha Kubeba

Jamani, nimerudi, ni mzima, na simu yangu imejaa swali lenu moja mlilolirudia kwa namna kumi na nane: imekuwaje sanduku la mbao tulilolifunga kwa mikono yetu, ndani likiwa na mashine ya oksijeni ya watoto wachanga, limerudishwa Dar es Salaam na wanajeshi wakarimu likiwa limejaa chumvi? Mwenzetu mmoja, simtaji lakini anajijua, ameshauliza kwenye grupu kama nimeiuza. Nimeamua kuandika yote mara moja tangu mwanzo, maana nikieleza kwa mdomo nitapandwa na hasira na nitaacha nusu.

Kwanza niwakumbushe wale waliochanga bila kuuliza. Mdogo wangu Rehema ni nesi mkunga kwenye kituo cha afya kusini mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo ukitoka Ujiji ni siku nzima ya boti. Mashine yao ya oksijeni iliharibika mwaka jana. Tangu hapo, mtoto akizaliwa amechoka, Rehema anampulizia hewa kwa kifuko cha kubinya mpaka mkono wake unakufa ganzi, na boti ya kumkimbiza Kigoma mjini haipo mpaka keshokutwa. Wengine walipona. Wengine hawakupona, na kila mara Rehema alinipigia simu usiku uleule. Ndiyo maana tuliitafuta hiyo mashine. Kazi yangu ilikuwa kuifikisha tu.

Dar es Salaam: siku mbili za kuondoka

Mnajua nilivyopata nafasi. Nchi rafiki, ambayo sitaitaja kwa sababu nimekula chakula chao, ilileta kikosi cha ndege za mizigo cha jeshi lake kuja kuwajengea uwezo wanajeshi wetu. Kujengewa uwezo hakuna asiyekujua. Ni mtu kuja nyumbani kwako, akakuonyesha jiko lako liko wapi, akakupa chupa ya maji, kofia na cheti, kisha akakushukuru kwa ushirikiano. Safari hii uwezo wenyewe ulikuwa wa kupakia mizigo kwenye ndege, kuifunga isicheze angani, na kuishusha kwenye viwanja vya mbali kama Kigoma. Walitaka mkalimani. Mimi, baada ya miaka yote ile ya kufundisha Kiingereza, niliona nimepata mteremko: nitafika kwetu bure, na mashine nitafika nayo.

Mkuu wa wakufunzi alikuwa meja mmoja mrefu, mwekundu kwa jua, mpole kupita kiasi. Nilipomwomba sanduku letu lipande ndege yake alifurahi kuliko mimi. Walikuwa wamepanga kufanyia mazoezi kwa viroba vya mchanga, na sasa wanapata mzigo halisi wenye kazi halisi. Akaliandika kwenye orodha yake: sanduku namba kumi na nne, kilo sitini na mbili. Nikamwombea dua kimoyomoyo. Laiti ningeisoma ile orodha mpaka chini.

Tulitakiwa kuondoka Jumamosi alfajiri. Saa kumi na moja nilikuwa uwanjani, nimeshapimwa mimi na mkoba wangu, na kilo zangu zimetangazwa kwa sauti mbele ya askari thelathini, jambo ambalo hata marehemu mume wangu hakuwahi kulijua. Kisha ikaonekana kuna taa moja mbele ya rubani inawaka wakati haitakiwi kuwaka. Tukashuka. Siku nzima wakakaa wanaitazama ile taa. Jumapili ikazimika yenyewe, nikanyanyua mkoba wangu. Meja akaniambia tuketi kwanza, maana sasa inabidi wajue kwa nini imezimika. Mpaka Jumatatu hawakuwa wamejua, ila waliridhika na idadi ya fomu walizojaza, tukaruka.

Tabora: tuliposhushwa na mvua

Ndege ya mizigo ya jeshi haina habari na starehe zenu za dirishani. Unakaa ubavuni kwenye kiti cha mikanda kama uko kwenye chandarua, umetazamana na masanduku, na ngurumo ni ya kukufanya usahau jina lako. Mimi nilitazamana na sanduku letu, na kila ndege ilipotikisika nililishikilia kwa macho. Tulipokaribia ikasemekana Kigoma kuna mvua na mawingu mazito, basi tukateremka Tabora na kulala huko.

Hapo ndipo nilipomjua Sajini Buchumi. Ni mtu wa Kasulu, mfupi, mpana, na alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanafunzi wetu. Alikuwa anapakia ndege za jeshi letu tangu baadhi ya walimu wake hawajaota ndevu. Nikamuuliza kwa nini basi anafundishwa. Akaniambia, "Mwalimu, ukiletewa semina unahudhuria. Usipohudhuria wanasema huna uwezo, wanakuletea mbili."

Tabora pia ndipo Meja alipoanza kutumia Kiswahili chake. Alikuwa amesoma mahali kwamba shikamoo ni salamu ya heshima, na kwa kuwa anaheshimu watu wote, aliamua kumwamkia kila mtu. Alianza na askari wa mlangoni, kijana wa miaka ishirini hivi. "Shikamoo!" akamwambia, mkono kwenye kofia. Yule askari akabaki kama kamwagiwa maji. Akiitikia marahaba amemfanya meja kuwa mtoto wake. Asipoitikia amemdharau mgeni wa taifa. Akamtazama Sajini Buchumi kwa macho ya kuomba msaada.

"Itikia tu," Sajini akamwambia. "Ni amri."

"Marahaba, afande," yule askari akanong'ona, jasho linamtoka.

Nilijaribu kumwelewesha Meja kwamba shikamoo inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, hairudi chini. Akanijibu kwa upole kwamba katika jeshi lao heshima inakwenda pande zote. Kuanzia hapo askari wadogo wakimwona anakuja wanapitia nyuma ya jengo.

Jioni wageni walikula chakula chao cha pakiti, kile kinachojipasha moto chenyewe ukikitia maji. Meja alinipa kuku. Kama kuna kuku ambaye hakuwahi kuishi, akasimuliwa tu, ni yule. Nikashukuru, nikamega mara mbili, nikatoka nje nikamkuta Sajini na wenzake na mihogo ya kuchoma na asali ya Tabora ndani ya kikopo. Nilikaa nao mpaka nikasahau kwamba nina cheo cha mkalimani. Niliwaeleza habari za Rehema na mashine. Sajini aliacha kutafuna. Akasema mke wake alijifungua mtoto wao wa pili kituo cha mbali hivyo hivyo, kisha akanisogezea kikopo cha asali.

Kigoma: kupakia na kushusha

Jumanne mchana tulitua. Uwanjani palikuwa na bango refu kuliko ndege, lenye bendera mbili na maneno ushirikiano, uwezo na ubia. Tulipigwa picha mbele ya bango. Kisha sanduku letu likapigwa picha mbele ya bango, Meja kaliwekea mkono kama mtoto wake wa kwanza. Hiyo ndiyo picha mliyoiona mkanipongeza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa nina kosa langu. Boti za kusini zinaondoka Ujiji Jumatano na Ijumaa. Nilimwambia Meja kwamba naomba sanduku langu ili kesho asubuhi liondoke. Akaniomba kwa adabu nisubiri, mafunzo yenyewe ni kesho na mzigo halisi ni ule mmoja tu, mingine yote ni mchanga. Mimi nilikuwa nimechoka, nina njaa, nimeshasikia harufu ya mgebuka wa kukaanga kutoka kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara. Nikasema hakuna shida, litaondoka Ijumaa. Nilisema hivyo bila hata kufikiri, nikaenda kula. Samaki alikuwa mtamu, na ugali wa muhogo, na mboga ya mawese, nikaongeza sahani ya pili.

Jumatano walijengewa uwezo. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, sanduku namba kumi na nne lilipandishwa ndegeni na kushushwa mara tisa. Linapimwa, linawekewa alama ya chaki katikati, linapandishwa, linafungwa mikanda, Meja anaangalia saa yake, anasema vizuri sana, linafunguliwa, linashushwa, linapimwa tena, labda limepungua. Ile mashine yao maalumu ya kunyanyulia mizigo haikuweza kuja kwa sababu ilikuwa nzito mno kwa ndege. Kwa hiyo mafunzo ya kutumia mashine yalifanyika kwa mikono ya Sajini Buchumi na wenzake, na mkufunzi akawa anawaeleza ingekuwaje kama ingekuwepo. Mara ya sita Sajini alinipita na sanduku begani akaniambia, "Mwalimu, mwulize: na huku kuinama, pia tuna cheti chake?" Sikumtafsiria.

Alasiri Meja akatukusanya kusoma ratiba ya kesho. Yeye anasema, mimi natafsiri, maneno yanapita tu kama maji bombani. "Kesho asubuhi kutakuwa na kikao cha tathmini," nikasema. "Baada ya hapo vyeti. Baada ya vyeti, mzigo wote wa mazoezi utapakiwa na kurudishwa Dar es Salaam." Nilikuwa nimeshaanza sentensi inayofuata ndipo masikio yangu yakasikia kilichotoka mdomoni mwangu.

Nikasimamisha ukalimani. "Meja, sanduku namba kumi na nne linabaki hapa."

"Hapana, Madam. Liko kwenye orodha ya mazoezi. Mzigo wa mazoezi hurudi ulikotoka."

"Lakini ile ni mashine ya kituo cha afya. Wanaoisubiri wako huku!"

"Najua," akasema, na kweli macho yake yalikuwa na huruma. "Ndiyo maana tumeibeba kwa uangalifu. Mara tisa, na haina hata mkwaruzo."

Akanionyesha orodha. Chini kabisa, pale ambapo sikusoma, iliandikwa kwamba vitu vyote vilivyotajwa vitarejea na ndege, na imetiwa saini na jenerali. Sanduku likibaki, ndege itapungua kilo sitini na mbili, mizani yote ya ndege ikokotolewe upya, na ombi lipelekwe makao makuu kwao, wajibu ndani ya siku za kazi ambazo hakuwa na hakika ni ngapi. Au, akasema kwa furaha kama mtu aliyepata dawa, wanaweza kuileta tena kwenye mazoezi yajayo, mvua zikiisha.

"Mtaileta ibaki, au mtaileta irudi?"

Meja alifikiri kwa uaminifu wote. "Itategemea orodha," akasema.

Nawaambia ukweli, nilitaka kulia na nilitaka kumpiga na orodha yake. Laiti angekuwa mkorofi. Mkorofi unagombana naye, watu wanasikia, inaisha. Huyu alikuwa ananiletea kiti nikae.

Sajini Buchumi alinifuata nyuma ya banda la mizigo. "Mwalimu, usijichoshe. Huyu hataki mashine. Anataka kilo."

"Unasema nini?"

"Tangu asubuhi umemwona analifungua lile sanduku? Hajui hata ndani kuna rangi gani. Anataka kilo sitini na mbili zilizokuja, zirudi. Basi tumpe."

Alasiri ileile akaenda sokoni Mwanga akarudi na chumvi ya Uvinza, viroba vimefungwa vizuri, amepimisha dukani mara mbili. Nikamuuliza akikamatwa atasema nini. "Nitawauliza zimepungua kilo ngapi," akajibu.

Kilichobaki kilikuwa kupata muda wa kufungua sanduku mchana kweupe bila wageni kuwa karibu. Hapo kazi ikawa yangu. Alhamisi saa mbili tukaingia kwenye kikao cha tathmini, Sajini akaomba ruhusa ya kwenda kukagua mzigo, na mimi nikaanza kutafsiri kwa marefu na mapana. Meja alisema, "Tumejifunza umuhimu wa mawasiliano." Mimi nikaanza kwa kuwatambua viongozi wote waliopo kwa nyadhifa zao, nikaomba radhi kwa ambao sikuwataja, itifaki ikazingatiwa, nikashukuru hali ya hewa, nikaeleza mawasiliano yalivyokuwa zamani na yalivyo sasa, na mwisho nikasema tumejifunza umuhimu wake. Askari wetu si wajinga, walielewa haraka. Mmoja mmoja akasimama kuuliza swali, na kila swali lilianza kwa shukrani za dakika tano. Meja akaniambia kwa mshangao kwamba Kiswahili ni lugha tajiri sana. Nilikuwa nafurahia, siwafichi. Tangu niache kufundisha sikuwahi kujisikia mwerevu kiasi kile. Saa nne vyeti vikaanza kugawiwa, Sajini akaingia anajifuta mikono, akapokea cha kwake, tukapiga makofi.

Sanduku likapimwa kwa mara ya mwisho: kilo sitini na mbili na gramu kidogo. "Usahihi wa hali ya juu," Meja akasema, akabandika lakiri kwa mkono wake. Mkataba wangu uliishia Kigoma, na nilishamwambia nabaki kusalimia ndugu. Aliniaga kwa shikamoo. Akaniambia ataandika kwenye ripoti kwamba mzigo ulikwenda na kurudi bila upungufu wowote, na wenyeji wameonyesha uwezo. Hilo la mwisho sikulipinga. Ndege ikapaa na chumvi yenu, nami nikaingia kwenye bajaji na mashine iliyofungwa kwenye shuka mbili za Sajini.

Ujiji: nani ataulizwa

Ijumaa asubuhi Sajini, aliyebaki kwa ruhusa ya kwenda kwao Kasulu, alikuja ufukweni Ujiji amevaa nguo za kiraia na ile kofia ya mafunzo. Boti ilikuwa imeshajaa kwa macho yangu, lakini bado watu walikuwa wanaleta: mchele, magodoro, madumu, bati za kuezekea, cherehani. Anayepanga yote hayo ni jamaa mmoja anaitwa Chubwa, mwembamba, suruali imekunjwa magotini, anasimama majini tangu alfajiri. Hana mizani, hana chaki.

"Mwakeye, mama," akanisalimia kwa Kiha. "Hiyo ya nani?"

Nikamwambia, "Ni kilo sitini na mbili ikiwa na sanduku, bila sanduku—"

"Sikuuliza hiyo. Ya nani?"

"Ya kituo cha afya."

"Kituo hakipandi boti. Ikilowa, nani ataulizwa?"

Nikazishika zile shuka. "Mimi."

"Ego, ndiyo. Basi utakaa nayo." Akainyanyua kona moja kwa mkono, akaishusha, akaangalia boti mara moja kutoka mbele hadi nyuma. "Nyuma kwa nahodha, juu ya mchele. Msiiweke karibu na mawese, dumu likivuja yataingia. Huyu mama anashuka mwisho, na mchele unashuka mwisho, kwa hiyo hakuna atakayemsumbua njiani."

Ndivyo wanavyofanya kwetu, na mimi niliyekulia hapo nilikuwa nimesahau. Mzigo haupandi boti bila mtu wake. Hata bahasha, kama mwenyewe hasafiri, Chubwa anamtafuta abiria anayeshuka kijiji hicho, anamkabidhi mbele ya watu, anamwambia sasa ni wewe. Cherehani ile ilipewa mwalimu wa madrasa ambaye hakuwahi kuiona, na akaipokea kama amana. Sajini Buchumi alisimama akimtazama Chubwa anavyopanga, mikono kiunoni, kama mwanafunzi. Kisha akavua ile kofia ya mafunzo akampa. Chubwa akaigeuzageuza, akauliza ni ya nani.

"Ya kwako," Sajini akamwambia.

Kusini mwa ziwa: vijiji tisa

Siku ile ziwa lilikuwa tulivu asubuhi, likaanza kuchafuka saa saba. Tulisimama vijiji tisa. Kila kijiji kuna anayeshuka, anayepanda, na anayekuja tu majini mpaka kifuani kuuliza kama kuna ujumbe wake. Kijiji kimoja tulisubiri saa nzima kwa sababu ya mbuzi aliyekataa kupanda, na mwenye mbuzi akakataa kumwacha. Nilikula dagaa wa kukaanga na mihogo baridi kutoka kwa mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi, anaishi kijiji cha nne. Alinilisha bila kuniuliza jina. Ila aliuliza kilichofungwa kwenye shuka.

Nilipomwambia, boti nzima ikajua. "Mashine ya nesi Rehema," wakaanza kuambiana, na kila kijiji tulichosimama habari ilitangulia kushuka. Maji yalipoanza kuturukia, yule mama alifungua kitenge chake kipya, ambacho bado kilikuwa na karatasi ya dukani, akakitandaza juu ya turubai. Nikamwambia kitaharibika. Akasema vitenge vipo.

Ndipo nikaanza kusimulia. Niliwapa yote: taa iliyozimika, shikamoo ya Meja, mara tisa juu na mara tisa chini, chumvi, na tafsiri yangu ya dakika kumi kwa sentensi moja. Boti ilicheka mpaka nahodha akatuonya tusihamie upande mmoja. Kila mahali walipocheka zaidi nilipaweka akilini, maana nilikuwa najiandaa kumsimulia Rehema. Rehema tangu utotoni nikimchekesha anajishika mbavu na kuniomba niache, na nilikuwa na hamu ya kumwona hivyo.

Tulifika alasiri. Ufukwe ulikuwa umejaa watu, na wanaume wanne wakaingia majini bila kuitwa wakaichukua mashine mikononi mwangu. Rehema alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo na aproni yake. Alinikumbatia, akanishikilia muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikadhani ni furaha. Wakati anaifungua mashine mimi nikaanza kusimulia, na nilipofika kwenye kikao cha tathmini nikasimama kabisa ili niigize vizuri itifaki na makofi.

Hakucheka. Alikuwa anafungua plastiki ya mpira wa hewa, polepole.

"Hicho kikao kilikuwa siku gani, Dada?"

"Jana. Alhamisi."

"Na Jumanne mashine ilikuwa imeshafika Kigoma?"

"Ndiyo, mchana. Ila Meja aliomba—" Nikasita. "Nilikubali ingoje."

"Boti ya Jumatano ilifika hapa salama," akasema. "Niliipokea mwenyewe. Nilidhani umo."

Akaenda mezani akafungua daftari la uzazi, akaniwekea mbele yangu, akarudi kwenye mashine yake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Alhamisi. Mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu, amezaliwa saa tatu na dakika kumi, hakulia. Amesaidiwa kupumua kwa mkono. Amefariki saa nne na dakika tano. Mwandiko wa Rehema ni mzuri, mnaujua kutoka kwenye kadi zake za Idi, lakini pale ulikuwa umepinda kama wa mtu anayeandikia mkono wa pili. Nilisoma zile saa tena na tena. Nilijua nilikuwa nasema nini kila dakika ya saa hiyo, na nani alicheka.

Mashine iliwaka mara ya kwanza tu ilipochomekwa. Betri za sola zinaitosha. Inatoa mlio mdogo wa kupumua, unatulia, unarudi. Rehema aliishika ubavu kwa kiganja, akaangalia kipimo, akasema iko sawa.

Kwenye wodi ya jirani kulikuwa na kitanda kimoja chenye mtu. Aliusikia ule mlio akaja taratibu, binti wa miaka ishirini hivi, amejifunga kanga kiunoni kwa namna ya aliyejifungua jana, maziwa yamelowesha blauzi yake. Akasimama mlangoni akaitazama mashine, kisha akamtazama Rehema.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," Rehema akasema.

Yule binti akaja mpaka nilipokuwa nimekaa. Akapiga goti, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Asante, mama, kwa kutuletea."